Makaa Yaliyopakwa Rangi

Harufu ya karatasi iliyolowekwa siku tatu haiombi ruhusa ya kuingia. Majuzi nilikuwa nafungua mlango wa nyumba yetu hapa Komarock, mkono mmoja umeshika sukuma wiki, mwingine unatafuta ufunguo, ikanipiga usoni kabla sijaona beseni. Binti yangu Neema alikuwa amechuchumaa bafuni, mikono myeusi hadi viwikoni, akiponda magazeti ya zamani kwa mwiko wangu wa ugali.

"Mama usikasirike," akasema. "Ni kazi ya shule."

Sikumkasirikia yeye. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikasoma karatasi aliyokuja nayo. Ilisema wanafunzi washirikiane kubuni suluhisho la kudumu kwa tatizo moja linaloikabili dunia. Sawa. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Kundi la Neema limechagua makaa ya kubumba, yale ya vumbi la makaa na taka za karatasi, ili miti isikatwe. Nikasoma hadi chini kabisa, na hapo ndipo damu iliponichemka. Mstari wa mwisho: kazi ipakwe rangi, ipambwe vizuri, kisha mzazi atume picha.

Ipakwe rangi. Nikaurudia ule mstari nikidhani macho yamenidanganya. Makaa.

"Mama, mbona unaikunjakunja karatasi yangu?"

Nilimwambia ni njaa. Sikumwambia kwamba njaa yenyewe si yangu.

Nilisoma katika shule moja kati ya Shauri Moyo na Majengo, darasa limejaa hadi wawili wanaandika huku wa tatu anangoja kiwiko cha mwenzake kipite. Wewe wa rika langu unaijua shule hiyo, hata kama yako iliitwa jina lingine. Yetu ilikuwa na bahati moja: chakula cha mchana. Jikoni palikuwa na sufuria mbili ambazo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuoga ndani, na mpishi aliyeitwa Mama Njoki aliyekoroga githeri kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Mahindi na maharagwe yaliletwa na wafadhili. Kuni hazikuletwa na mfadhili yeyote. Hakuna mtu anayetaka kupigwa picha amekumbatia kuni.

Niliketi dawati moja na Adhiambo. Wote wawili wazazi wetu walitoka magharibi, mimi Mluhya, yeye Mjaluo, na tulitukanana kwa lugha zote mbili kwa upendo. Babangu alikuwa tarishi katika ofisi za reli. Yeye aliishi na shangazi yake, aliyeuza makaa kando ya barabara, pamoja na nyanya yake aliyevimba miguu na hakutoka kitandani. Kila mchana Adhiambo alikula nusu ya githeri yake. Nusu nyingine aliitia kwenye mkebe wenye kifuniko, akauficha chini ya sweta, akaondoka nao jioni.

Mimi, mpumbavu wa miaka kumi na mmoja, nilidhani anajiwekea. Nilimwita mlafi mbele ya watu. Alinitazama tu, akakaza kifuniko. Nilikuja kujua siku moja nilipomsindikiza hadi kwao, nikamwona akiyaponda yale maharagwe kwa kijiko na kumlisha nyanya yake asiye na meno, polepole, huku akimsimulia mambo ya darasani. Sikumwomba msamaha. Nilianza tu kumletea mfupa siku kwetu kulipopikwa nyama. Watoto huomba msamaha hivyo.

Mvua za kwanza zilipoanza, kuni zikaisha. Jumatatu moja hapakuwa na moshi jikoni. Tukaambiwa kila mtoto aje na kijiti. Sasa niambie, mtoto wa Shauri Moyo atatoa wapi kijiti? Tulileta vipande vya masanduku ya nyanya kutoka soko la Gikomba. Mutiso, ambaye babake alikuwa fundi wa mabati hapo kwenye karakana za jua kali, alileta mguu wa kitanda, na jioni hiyo mzee akalala ameinama kama jahazi linalozama, akaamka na mshipi mkononi. Wiki ya pili hata vijiti viliisha. Adhiambo alikuja na mkebe wake mtupu akarudi nao mtupu.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Khadija, alipoingia darasani bila kitabu. Alitembea kwa miguu kutoka Majengo kila asubuhi, buibui lake jeusi likiwa na alama za chaki mikononi. Akasimama mbele yetu.

"Kuna kitu kinachotupwa hapa mtaani kila siku na bado kinaweza kuwaka. Ni nini?"

Tukatazama dari. Kisha Adhiambo, bila hata kuinua mkono: "Vumbi ya makaa, mwalimu. Kwetu iko mob, imejaa tele. Auntie anamwaga kwa mtaro."

"Na ukiitia jikoni?"

"Inazima moto."

"Basi tufanye nini isizime?"

Tukangoja atuambie. Hatukuwahi kuulizwa swali ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake mfukoni. Yeye akaketi juu ya meza, akasema, "Mkinitazama mimi mtalala njaa. Sijui. Tafuteni pamoja, na mimi nitatafuta nanyi."

Hakutuambia kwamba tunaokoa dunia. Alisema tunatafuta chakula cha saa saba.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kwa vile nyanyangu kule Bungoma alifinyanga vyungu, nilitangaza kwamba dawa ni udongo wa mfinyanzi. Tukauchimba kando ya mto, tukauchanganya na vumbi, tukabumba madonge, tukayakausha siku nne juu ya mabati ya choo. Yalikuwa mazuri ajabu, mazito, hayavunjiki. Mama Njoki akayawasha asubuhi. Yakawa mekundu yakabaki mekundu, hayana joto. Saa kumi jioni githeri ilikuwa bado ngumu, tukaila tukitoa sauti kama punda.

"Nekesa," Mama Njoki akaniita, "umenipea matofali. Unataka nipike ama nijenge?"

Walinicheka wiki nzima. Mutiso alikuwa akinisalimia, "Niaje, fundi wa nyumba." Lakini hakuna aliyeniondoa kundini. Mwalimu Khadija aliandika ubaoni: udongo mwingi, moto kidogo. Akatuambia hiyo nayo ni hatua.

Jibu lilitoka tena kwa Adhiambo, na lilitoka kwenye uvivu. Alisema sufuria ya ugali ikiachwa bila kuoshwa, ule ukoko ukilowa unashika kama gundi. Wote tulijua, maana nani kati yetu hakuwahi kubandika karatasi za kufunikia vitabu kwa ugali? Tulilijua jambo hilo maisha yetu yote na hatukujua kwamba tunalijua. Tukaagizana: kila mtu alete ukoko.

Mamangu aliponiona nakwangua sufuria na kuutia ukoko kwenye karatasi, aliweka mikono kiunoni.

"Huyo mwalimu wenu anafuga kuku?"

"Hapana, mama. Ni ya kupika."

"Kupika ukoko? Kwani hapo shuleni mmefikia hapo?"

Nilipomweleza, akaanza kuacha ugali ushike chini makusudi. Babangu alilalamika kwamba ugali unanuka moshi. Mama akamwambia ale, ni mambo ya sayansi. Naye babangu, alipoelewa, akaanza kuja na magunia ya karatasi zilizotupwa ofisini. Shangazi ya Adhiambo akaacha kumwaga vumbi mtaroni, akatuwekea kwenye gunia. Babake Mutiso, yule yule wa kitanda, alitutobolea mikebe matundu ya kutolea maji, akatuchongea na kipande cha mti cha kushindilia. Mtaa mzima ulikuwa mle ndani ya donge moja, ukilitazama vizuri.

Tulilowesha karatasi siku tatu kwenye pipa. Harufu yake ilikuwa ya uchachu, ya wino, ya nguo iliyosahauliwa majini. Tulichanganya vumbi, karatasi na uji wa ukoko, tukashindilia ndani ya mkebe, tukapindua, likatoka donge la mviringo. Brek ya saa nne tulipanda juu ya mabati ya choo kuyageuza, maana mvua ilikuwa bado inakuja kwa vipindi. Tulikuwa na kipimo: unaliangusha kutoka kiunoni. Likivunjika, linarudi pipani. Lisipovunjika, linaenda stoo.

Siku Mama Njoki alipoyawasha, tulijipanga mlangoni kama watu wanaongoja habari ya mgonjwa. Hayakutoa moshi mwingi. Yalishika pole pole, yakawaka katikati, yakakaa. Saa sita na nusu aliinua punje ya mahindi kwa kijiko, akaibonyeza kwa vidole. Ikapasuka.

Alichukua mkebe wa Adhiambo akaujaza hadi kifuniko kikakataa kufunga.

Baada ya hapo tulifanya kazi kama watu wenye kiwanda. Darasa la nne walikusanya karatasi, la tano walichota maji, sisi wa sita tulishindilia. Stoo ikajaa hadi dirishani. Mama Njoki alisimama akaitazama akasema, "Hii inanivusha mvua yote." Nilimwona Adhiambo akiirudia ile sentensi kwa midomo, bila sauti.

Kisha habari zikamfikia hedmasta, na kutoka kwake zikafika kwa wakubwa, na kutoka kwa wakubwa zikarudi na wageni.

Alitutangazia kwenye paredi. Wageni kutoka ng'ambo wanakuja Ijumaa kuona jinsi wanafunzi wa hapa wanavyoshirikiana kutatua matatizo ya dunia. "Kazi yenu," akasema, akiinua kidole, "itaenda dunia nzima."

Mimi niliamini kama ilivyosemwa. Niliona madonge yetu yakipakiwa ndegeni. Nilianza kuwaza yatapasuka yakigongana huko juu, nikamwambia Mutiso tutafute nyasi za kuyafungia. Usinicheke. Mtu mzima aliniambia yanasafiri.

Sasa unajua desturi ya shule zetu mgeni anapokuja. Mawe yanaokotwa, yanapakwa chokaa, yanapangwa kando ya njia kutoka getini hadi ofisini, ili mgeni ajue njia ni ipi, kana kwamba ni kipofu. Lakini mawe ya shule yetu yalikuwa yameisha, akina mama wa mahindi ya kuchoma walikuwa wameyachukua ya mafiga. Jumatano hedmasta aliingia stoo, akaona mamia ya madonge ya mviringo, yanayolingana, makavu. Akatoka anatabasamu.

"Hii hapa. Mgeni akishuka kwa gari, anaona kazi ya wanafunzi kuanzia getini."

Chokaa ilijaribiwa kwanza. Ililowesha madonge, yakaanza kumeguka. Kwa hiyo akaagiza rangi ya mafuta, ile nyeupe iliyobaki walipopaka milango. Mwalimu Khadija alimfuata hadi kwenye ngazi. Tulisikia.

"Hedmasta, hayo ni ya kupikia."

"Mwalimu, wewe fundisha. Mambo ya wageni niachie mimi."

"Tutoe machache basi. Mengine yabaki."

"Njia itakatika katikati? Mgeni akifika nusu aone matope?"

Mwalimu Khadija alirudi akasimama chini ya dirisha la darasa, mikono ameikunja, akatazama. Hakushika brashi. Kwa muda mrefu nilimlaumu kwa kusimama pale. Leo nimefanya kazi chini ya wakubwa, najua uzito wa mdomo unapofikiria mshahara wa mwisho wa mwezi. Namwelewa. Bado namlaumu kidogo.

Lakini mimi sina wa kumsingizia, maana brashi nilishika. Nilipaka kwa furaha. Nilidhani rangi ni ya safari, kwamba ndiyo itakayoyazuia kupasuka kule angani. Nilipaka juu na chini, nikaziba kila ufa vizuri, na nikamwita Adhiambo aje asaidie.

Alikuwa amesimama na mkebe wake.

"Sipaki," akasema.

"Kwa nini?"

"Makaa haipakwi rangi. Makaa inachomwa."

"Wewe unajua nini? Ni ya kwenda ng'ambo."

"Na ya kupika?"

"Tutatengeneza zingine."

"Lini, Nekesa? Na mvua hii?"

Nilikuwa na haraka, rangi ilikuwa inakauka. Nikamwambia neno ambalo nimelibeba hadi leo. Nikasema, "Wewe kazi yako ni tumbo tu."

Alikaza kifuniko cha mkebe mtupu, kama siku ile ya kwanza, akaondoka.

Wageni walikuja wakakaa muda mfupi kuliko brek. Walipita kati ya mistari miwili myeupe wakitazama matope wasiyakanyage. Hakuna aliyeinama. Ofisini kulikuwa na meza yenye kitambaa, juu yake madonge matatu meupe na karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu za rangi. Waliuliza ni wanafunzi gani waliobuni, na hedmasta akawasimamisha viranja wawili wa darasa la nane waliojua Kiingereza na waliokuwa na sweta zisizo na matundu. Hao hawakuwahi kutia kidole kwenye pipa letu. Sisi tulikuwa nje tunaimba. Ndiyo kazi tuliyopewa, kuimba.

Nilipoona gari linawashwa na hakuna sanduku lililopakiwa, nilikimbia na donge moja nililokuwa nimelifunga kwa nyasi na gazeti. Mama mmoja mgeni alilipokea kwa vidole viwili, akanipapasa kichwa, akampa dereva. Gari likaondoka. Kesho yake Jumamosi nilipita hapo nikaona donge langu limezuia geti lisijifunge. Askari alikuwa amelipata chini, akaliona linafaa.

Jumatatu Mama Njoki alijaribu kuchoma machache ya yale meupe. Moshi ulitoka mweusi, wenye harufu ya duka la rangi, ukaingia darasani hadi watoto wadogo wakatapika. Alizima moto kwa maji.

"Mimi siwezi kulisha watoto wa wenyewe rangi," akasema, akafungua kamba za aproni. Chakula cha mchana kikaishia hapo.

Tulijaribu kuanza upya. Mvua ilinyesha wiki baada ya wiki, mabati ya choo hayakukauka hata siku moja, karatasi zikaoza pipani. Na yale meupe hatukuruhusiwa tena kuyagusa, hata kuyabandua rangi. Huenda wageni wengine wangekuja.

Adhiambo alikaa darasani siku tatu bila mkebe. Siku ya nne dawati lilikuwa na mtu mmoja. Nilimkuta jioni kwenye kibanda cha shangazi yake, amevaa leso juu ya sare, anapima makaa kwa mkebe. Nikasimama mbele yake nisijue pa kuweka mikono.

"Mwalimu anakuuliza," nikasema.

"Mwambie niko." Akampimia mteja, akapangusa mikono. "Shosho huko kitandani lazima akule. Huku angalau auntie ananipea ya jioni."

"Mvua ikiisha tutatengeneza zingine."

Alinitazama usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Na zile zenu," akauliza, "bado zinang'aa?"

Hakurudi shuleni. Nyanya yake alizikwa kwao kabla ya likizo, Adhiambo akaenda na maiti, wakamwacha huko. Sikumwona tena. Nilimaliza darasa la nane nikipita kila asubuhi kati ya mistari ile miwili, na niseme kweli, ilikuwa bado inang'aa. Rangi ya mafuta haina mchezo.

Kwa hiyo mtu asiniambie kuhusu watoto kutatua matatizo ya dunia kana kwamba ni habari mpya. Watoto wa mtaani kwetu walilitatua moja, kwa ukoko na vumbi la mtaroni. Ni watu wazima waliolipaka rangi.

Jumamosi niliwaita wenzake Neema wa kundi, watatu, wakaja na kandambili zao chafu. Niliwaonyesha jinsi ya kushindilia na kipimo cha kiunoni. Niliwaambia kuhusu ukoko, mmoja akasema "yuck" kisha akautia mkono wote. Wiki nzima madonge yao yalikaa juani kwenye balkoni. Jumapili iliyofuata wakarudi, nikatoa jiko, nikaweka mahindi na maharagwe, tukawasha madonge yote. Yote, hadi la mwisho. Neema alianza kulia.

"Mama, na picha? Mwalimu ataona nini?"

"Kula kwanza."

Walikula wote wanne, pamoja na mama wa jirani aliyefuata harufu. Jiko lilipopoa nilichukua mkebe wenye kifuniko, nikakwangua jivu lote nikalitia ndani. Lilikuwa jepesi, jeupe, jeupe kuliko rangi yoyote. Nikampa Neema.

"Akiuliza kazi yako iko wapi, mfungulie."

Alichungulia ndani. Kisha akakaza kifuniko, akauweka mkebe chini ya sweta.